Jiko la Bibi na Koili Niliyoikata

Hawa mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia mapema kabisa, maana najua kesho pale stendi utakuwa unahangaika na begi, simu na machozi ya mama yako, na shikamoo yangu utaisahau. Ukisahau usijali, nimeshaitikia.

Mambo ya sabuni, ya chandarua, ya kutokula chipsi mayai kila siku, mama yako ameyasema tangu Jumatatu na bado anayasema. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata ningekuwa nalo, ungenisikiliza? Tangu ulipofaulu fizikia unanitazama kama redio ya zamani: umbo zuri, ila haishiki stesheni.

Ndiyo maana nakuandikia, hapa kibandani, saa kumi jioni, na nimefunga dirisha wateja wasinione. Unanijua. Nikisema kwa mdomo naanza kutania, na nikianza kutania sifiki ninakokwenda. Leo nataka nifike. Barua nitaichomeka kwenye daftari lako la fizikia. Isome leo leo, kabla hujalala, kwa sababu kuna jambo la kesho asubuhi linaitegemea.

Nianze na sifa zangu, maana bila hizo kalamu haiendi. Baba yako aliacha shule kidato cha pili, na hicho kidato chenyewe nilikuwa nahudhuria zaidi siku za mpira. Lakini muulize mtu yeyote kutoka hapa Mikumi mpaka Ruaha. Nani aliamsha mashine ya kukoboa mpunga kule Tindiga, baada ya mafundi wawili wenye vyeti kuondoka wakijikuna vichwa? Mimi. Wao walikuja na makaratasi, mimi nilikwenda na bisibisi na pua. Mwalimu wangu wa umeme alikuwa pua: kitu kikinuka kimeungua, kisiponuka bado kizima. Miaka mingi nilikula kwa elimu hiyo, na wewe ulikula, na hadi viatu vya shule ulivaa.

Sifa kubwa kuliko zote ilikuwa majiko ya koili. Unajua ule waya uliojiviringa, unaowaka mwekundu ndani ya jiko la umeme. Ukikatika, mafundi wengine wanamwambia mama wa watu anunue mwingine. Mimi nilikuwa nakata kipande kilichoungua, natupa, halafu kinachobaki nakivuta mpaka kifike mwisho wa njia yake, nafunga. Jiko linawaka. Tena linawaka kuliko lilivyotoka dukani. Akina mama walikuwa wanakuja kunishukuru: "Fundi, sasa maji yanachemka kabla sijaosha kikombe." Wakaniita Fundi Moto. Nikaliandika jina hilo hapa kwenye ubao wa kibanda, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama za basi.

Unakumbuka jina lile lilivyopotea miaka miwili iliyopita? Nilikuambia limefutwa na mvua. Ilikuwa Agosti, Hawa. Mvua gani ya Agosti? Na wewe mwenye akili zote hizo ukakubali.

Sasa twende Kilosa.

Nyumba ya Bibi aliijenga babu yako, mtoto wa watu waliokuja kukata katani, yeye akaishia kufanya kazi relini. Alipofariki, mimi ndiye niliyemwingizia Bibi umeme jikoni. Nilikuwa na waya uliobaki kwenye kazi nyingine, waya mwembamba wa kufungia taa. Nikaupitisha darini, juu yake Bibi akapanga magunia ya mpunga, mambo yakaisha. Nikampelekea na jiko. Koili ilipokatika nikaikata na kuivuta. Ikakatika tena, nikakata tena. Mara ya tatu jiko lilikuwa linang'aa kama jua la Januari, na Bibi akawaita majirani waje kuona kazi ya mwanawe.

Kisha fyuzi ikaanza. Nyumba ile ilikuwa na fyuzi ya zamani, kile kigae cheupe chenye kiwaya chembamba ndani. Bibi akanipigia simu.

"Saidi, kidude chako kimekatika tena."

"Nakuja, mama."

"Wiki hii mara ya tatu. Si kuna kitu umekosea?"

"Hakuna. Fyuzi ni ya kizee, haiwezi kasi ya jiko langu."

Nikaenda. Nikatoa kile kiwaya, nikaweka uzi wa shaba mnene kama kijiti cha kiberiti. Haikukatika tena. Bibi akanichinjia kuku, nikala mpaka shingoni.

Siku ya moto ulikuwa na miaka tisa. Bibi alikwenda msibani nyumba ya tatu, akakuachia sufuria ya maharage uitazame. Ukatoka kucheza rede. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ulikuwepo. Jiko lilikwenda, stoo ikaenda, nusu ya paa ikaenda, na ile picha ya babu yako akiwa na sare ya reli, ambayo hapakuwa na nyingine. Bibi alikuchapa huku analia.

Mimi nilifika jioni kwa pikipiki. Nilipanda kilichobaki cha dari, nikaona. Waya ulikuwa umeyeyuka urefu wake wote kama mshumaa, mpaka upande wa stoo, mbali na jiko, mbali na sufuria yako. Maharage hayawezi kuyeyusha waya ulio chumba kingine. Fundi yeyote mwenye pua angejua. Nikashuka. Mjumbe akaniuliza, "Chanzo nini?" Nikamjibu, "Mtoto alisahau sufuria."

Nilisema mimi. Wa kwanza kulisema hilo, kabla ya Bibi, kabla ya Shangazi Zuhura. Shangazi alichofanya ni kulibandika jina. Alisema, "Huyu mtoto ana mkono wa moto," na jina likashika.

Kuanzia hapo nimekuona. Kwenye harusi za Kilosa wenzako wanakaa jikoni kwenye masufuria, wewe unapewa vitunguu umenye kule mbali. Hapa nyumbani ukiteleka kitu unasimama mbele yake kama mlinzi wa benki, huendi hata msalani, na ukizima unagusa swichi mara tatu. Mama yako anasema una uangalifu. Mimi nilikuwa nageukia ukuta.

Kwenye majivu niliokota koili ya lile jiko. Ilikuwa haijakatika, imejikunja kama utumbo wa kuku. Nikaitia kwenye kopo la rangi, nikalificha chini ya meza ya kazi. Nilijiambia itafaa siku moja. Uongo mtupu. Mtu asiye na hatia hahifadhi koili iliyoungua.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo huijui kabisa. Ulikuwa kidato cha tatu, unafanya zoezi mezani, na mimi nikaja kukuchokoza kama kawaida yangu. Ukasema, "Wewe si fundi, nijibu hili. Jiko limeandikwa volti mia mbili arobaini, wati elfu moja mia mbili. Linavuta ampea ngapi?"

"Za kutosha."

"Baba."

"Nyingi kiasi."

Ukacheka mpaka ukashika tumbo, kisha ukanivutia kiti. "Sikiliza, mzee. Wati gawanya kwa volti. Elfu moja mia mbili kwa mia mbili arobaini, unapata tano. Ampea tano. Ukitaka ukinzani, yaani koili inavyoubania umeme, chukua volti gawanya kwa ampea. Mia mbili arobaini kwa tano, arobaini na nane. Ohm arobaini na nane. Hiyo ndiyo koili nzima."

Nikakuuliza, kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Na mtu akiikata nusu?"

"Ukinzani unabaki nusu, ishirini na nne. Umeme haubaniwi tena, unapita mara mbili, ampea kumi. Wati zinakuwa elfu mbili na mia nne."

"Na waya unaoleta huo umeme?"

"Huo ndio utakoma. Joto la kwenye waya linafuata mkondo, yaani hizo ampea, mara mkondo wenyewe. Mkondo ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne." Ukachora mstari chini ya jibu, ukaniangalia. "Lakini mjinga gani atakata koili nusu?"

"Wapo," nikasema, nikatoka nje.

Nilikuja hapa kibandani. Nikatoa kopo. Nikaweka ncha za mita huku na huku. Ishirini na nne. Nikaipigapiga mita, nikabadilisha betri, nikapima tena. Ishirini na nne. Kumbe uzuri wote ule, moto wote ule walionisifia, ulikuwa ni mimi nimeondoa breki. Na fyuzi, Hawa. Fyuzi ilikuwa inapiga kelele mara tatu kwa wiki, mimi nikaiziba mdomo kwa shaba. Kesho yake asubuhi nikapaka chokaa juu ya jina la Fundi Moto, nikakuambia mvua.

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na hilo naweza kulitetea hata mbele ya hakimu. Lakini tangu siku ile ya mezani nilijua. Ulininyooshea ushahidi wako mwenyewe kwa mkono wako mwenyewe, na mimi nikaukalia miaka miwili. Hilo silitetei.

Usinielewe vibaya, sufuria ulisahau. Maharage yaliungua kweli, sitakupamba. Lakini sufuria iliyosahaulika kwenye koili ya ohm arobaini na nane, kwenye waya unaostahili, kwenye fyuzi iliyoachwa huru kukatika, inaungua peke yake. Bibi angekufokea, mngekula mchicha, basi.

Kilichonivunja ni dua ya Ijumaa. Watu wamekaa mkekani kwa Bibi, wamekuombea safari, na Shangazi Zuhura akasema, "Nenda salama mama, ila huko kwenye umeme usije ukaunguza chuo." Wakacheka wote. Na wewe ukacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, nikaona ulivyoingiza mikono chini ya mtandio. Msichana wa miaka kumi na minane, anakwenda kusomea umeme, anaficha mikono.

Hapa kijiweni nimekutetea, hiyo ujue. Walisema binti na nguzo wapi na wapi. Nikawaambia umeme haujawahi kumuuliza mtu kama ni mwanamume au mwanamke kabla ya kumpiga. Wepesi huo ninao kwa watu baki. Kwa mama yangu na dada yangu ndiko ulimi ulikoshindwa kunyanyuka.

Leo umenyanyuka. Asubuhi mliponitafuta nilikuwa Kilosa. Nilipakia kwenye pikipiki ile koili ya kwenye kopo, koili mpya nzima, mita, na waya mwembamba wa aina ile ile. Nikamkuta Bibi anapeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umekuja na takataka?"

Nikamwambia yote. Sikukaa hata kwenye kiti. Alikuwa anapeta, akaendelea kupeta, ungo unapanda unashuka. Nilipomaliza akasema, "Ampea sijawahi kuiona. Nionyeshe."

"Hapa?"

"Si ndipo palipoungua?"

Nikatandaza vitu uani, ndoo ya mchanga pembeni. Akauliza kama nimekuja kumuunguzia tena. Nikamjibu safari hii nimekuja na fyuzi halali. Nikafunga koili nzima kwanza, waya nikaulaza chini ya gunia kama ulivyolala darini. Tukasubiri. Bibi akaingiza mkono chini ya gunia, akaushika.

"Vuguvugu. Kama mgongo wa mtoto aliyelala."

Nikazima, nikafunga ile ya kwenye kopo. Ikawaka nyeupe-nyekundu, kweli ilikuwa nzuri, mwanangu, hata leo. Haikupita muda mrefu. Bibi akashika waya, akauachia. Nikazima. Akanusa vidole vyake.

"Harufu hii," akasema. "Ilikuwa inanuka wiki nzima kabla ya moto. Nilikuambia."

"Uliniambia."

"Ukasema ni panya kafia darini."

"Nilisema."

Mimi, ambaye pua ndiyo chuo changu. Bibi aliugeukia ukuta mpya wa jiko akasema polepole, "Nilimchapa." Kisha akaniambia, "Kamwite dada yako."

Shangazi Zuhura akaja na maneno mdomoni kama kawaida. Bibi akamkatisha, akaniamuru niwashe tena. "Zuhura, shika waya huu."

"Unaunguza, mama."

"Basi huo ndio mkono wa moto. Ni wa kaka yako."

Shangazi akanigeukia. "Ungesema siku ile, Saidi."

"Ningesema."

"Mtoto tumemmenyesha vitunguu miaka tisa."

Nilianza kusema kitu cha kuchekesha, Bibi akanyoosha kidole. "Na wewe usidhani nimekusamehe. Mtoto aondoke kwanza, ndipo nitakushughulikia." Ana miaka sabini na kitu, na nilirudi Mikumi naogopa.

Nimefika tu nikachukua chaki ya rangi. Nenda kaangalie ubao wa kibanda ukipita: KOILI NILIZOKATA ZILETENI, NAWEKA NZIMA BURE. Tayari wamekuja watatu. Mmoja amesema hataki, anataka ileile yenye moto. Nimemkatalia, nikaizuia koili yake. Amenitukana mbele za watu kwamba siku hizi nimekuwa mzembe. Atukane. Wanaosema fundi amejitangaza mwenyewe kwamba haelewi kazi, waseme pia. Naielewa sasa kuliko nilipokuwa na jina.

Huko uendako utakutana na watu kama mimi. Watakuwa hodari, wachangamfu, watakuchekesha, na watakuambia hesabu ni za darasani, kazini ni mkono. Wengine watakuambia mkono wenyewe huna. Usibishane nao. Toa mita. Kiburi changu chukua chote, sikuombi uwe mpole. Mpole gani atatoka nyumba hii? Ila changu kilikuwa hakijapimwa, ndiyo tofauti. Na siku utakayokosea, maana utakosea, liseme siku hiyohiyo likiwa bado dogo. Mimi ningelisema darini, ningekula fimbo moja.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Ukitaka kunikasirikia anza leo, basi likifika Morogoro hasira itakuwa imemaliza nusu ya njia.

Sasa jambo la kesho. Basi lako ni la saa nane mchana. Bibi anakuja asubuhi kwa gari la kwanza, na Shangazi anamsindikiza, hakuulizwa kama anataka. Bibi anakuja na maharage yake. Amesema utayateleka wewe, kwenye jiko letu la umeme, yeye atakaa mkekani, na yakishaanza kuchemka utoke nje. Nimemuuliza utoke uende wapi. Akasema, "Popote. Akitaka rede, akacheze rede."

Jiko nimeliwekea koili mpya. Waya ni mnene, nimeuvuta upya jana, na fyuzi ina ruhusa ya kukatika ikitaka. Ile koili ya zamani nimeifunga kwenye gazeti, iko chini ya begi lako, usiitupe. Mita yangu nayo ni yako. Usiku huu, kabla hujaamini neno langu lolote, pima zote mbili mwenyewe. Ukikuta nimekosea namba, nisahihishe hapa hapa kwa kalamu nyekundu, kama unavyopenda.

Ila kesho, mama, uteleke, ufunike, utoke. Nenda mpaka dukani, nenda mpaka barabarani ukahesabu malori. Usigeuke. Sisi tutakuwepo, na maharage tutayala hata yakiungua.

Ni mimi baba yako, fundi wa kwanza Mikumi nzima, na wa pili ndani ya nyumba yake,

Saidi